« Tumeur » haiko « tu meurs »

Bandugu batumishi, bamama, na ninyi bazee wenye mulimaliza kazi: kuko neno moja la lupitalo lenye linatutesa kupita vile ugonjwa wenyewe unatutesa. Neno hilo ni « tumeur ». Munganga analitamka mara moja, analiandika kwenye karatasi, kisha anaita mugonjwa mwingine. Mutu anatoka inje na ile karatasi, na masikio yake yanasikia Kifaransa kingine: « tu meurs ». Unakufa. Kwa sikio, maneno haya mawili hayaachane hata kidogo. Njo maana mu manyumba mingi ya cité banaanza kulia mbele ya kujua mutu wao iko na nini.

Mimi siko munganga. Niko mutu wa sendika, nilisoma sekondari, na kazi yangu ni kusoma makaratasi pamoja na batumishi: kontra, fishi ya malipo, barua ya kufukuzwa, na mara mingi karatasi ya munganga. Kwa hii kazi nilijifunza kama neno lenye mutumishi haelewi linamufunga kuliko kamba. Kwa hiyo leo tupasue hili neno sawa vile tunapasuaka jiwe, tuone ndani kuko nini. Nyuma yake nitasema ni nini tunapaswa kuomba, sababu maneno bila matendo hayatie mukate ku meza.

Neno linatoka wapi

« Tumeur » halikuzaliwa mu lugha ya lufu. Linatoka kwa Kilatini, lugha ya Baroma ba zamani. Kwa Kilatini « tumere » ni kuvimba, na « tumor » ni kivimbe. Basi, hakuna kingine. Karibu miaka 2000 iliyopita, Muroma mumoja jina lake Celsus aliandika kitabu juu ya matibabu, na mule aliweka alama ine za pahali penye kuwaka mu mwili: wekundu, kivimbe, moto na maumivu. Kivimbe pale njo « tumor ». Ni kusema, kwa Celsus jipu la mukono lilikuwa na « tumor ». Kidole chenye kugongwa na nyundo pia.

Kuko ndugu wa neno hili, « tumulus », Bafaransa bangali banalitumika: ni kilima kidogo cha udongo chenye batu balirundika. Sisi bana Katanga tunajua ile sura. Kila mutu mwenye alikulia Lubumbashi anajua terril, ule mulima mweusi wa mabaki ya kiwanda. Mulima sawa ule unaweza kuwa takataka tupu, ao unaweza kuwa na kobalti ndani. Kwa kuuangalia kutoka mbali huwezi kusema. Lazima ukamate « échantillon », uipeleke ku laboratware. Kivimbe cha mwili ni vile vile.

Baganga ba leo banatumika neno hili kwa maana ndogo zaidi: nyama yenye imeota mu mwili pahali haikupaswa kuota. Mwili wetu umejengwa na vipande vidogo sana vyenye vinaitwa seli. Seli zinazaana, zinasimama, zingine zinakufa, na mwili unabaki sawa. Kukiwa seli zenye hazisimame, zinazidi kuzaana, pale kivimbe kinaota. Kwa hiyo baganga beko na neno lingine la Kigriki, « néoplasie »: « neo » ni mpya, na sehemu ya pili inatoka kwa kufinyanga, sawa vile mama anafinyanga chungu. Kitu kipya chenye kujifinyanga. Hata pale, neno bado halijasema kama kile kitu ni kibaya.

Neno la pili njo la kuuliza

Uzito hauko kwa « tumeur ». Uko kwa neno lenye linafuata: « bénigne » ao « maligne ».

« Bénigne » ni ya upole. Inakaa pahali pake, haiingie mu nyama ya jirani, haisafiri. Bamama mingi banajua « fibrome », ile ya mu kizazi. Ile ni tumeur. Batu mingi banatembea na « lipome », kivimbe cha mafuta chini ya ngozi, mu shingo ao mu mukono, miaka na miaka. Ile pia ni tumeur. Sisemi kama ya upole haihitaji munganga: fibrome inaweza kutosha damu mingi, na kivimbe cha upole ndani ya kichwa kinaweza kukandamiza ubongo. Lakini haiko kansere.

« Maligne » linatuchanganya kwa njia ingine. Huku kwetu « malin » ni mutu mujanja, mwenye haibiwe ku soko. Ku kanisa, « le Malin » ni Shetani. Basi munganga akisema « tumeur maligne », mumoja anasikia ujanja, mwingine anasikia bulozi, na familia inaanza kutafuta ni shangazi gani alimuangalia mutoto vibaya. Kilatini « malignus » ni kusema tu: yenye tabia mbaya. Na ile tabia inajulikana. Kivimbe kinaingia mu nyama ya jirani bila ruhusa, na vipande vyake vinaweza kufuata damu na kwenda kujenga kambi pahali pengine mu mwili. Hii safari banaiita « métastase », neno la Kigriki la kuhama pahali. Munganga Mufaransa Récamier alilitumika kwa maana hii mu mwaka 1829. Mule ndani hakuna jina la shangazi.

Na ni nani anaweza kusema kama ni bénigne ao maligne? Hapana mutu mwenye kugusa na vidole tu. Hapana pasta. Mara mingi jibu linatoka kwa biopsi: kukamata kipande kidogo na kukiangalia mu mikroskopi. Lile jina lilitungwa mu mwaka 1879 na munganga Mufaransa, Besnier, kwa maneno mawili ya Kigriki: uzima na kuangalia. Mu cité banasemaka: « Usiache baguse na kisu, kitakasirika. » Ule woga ninauelewa. Mara mingi mutu alipasuliwa akiwa amechelewa sana, akafa, na batu bakahesabia kisu ile lufu. Lakini mwenye kukataa biopsi ni sawa na mwenye kuuza mufuko wa madini bila kupima teneur. Mwingine njo atakupangia bei.

Kaa na muzigo

« Cancer » pia, tulijue mbele ya kulikimbia. Zaidi ya miaka 2300 iliyopita, Bagriki ba wakati wa Hippocrate baliita vivimbe fulani « karkinos », ni kusema kaa, yule mnyama wa maji mwenye miguu mingi na makucha ya kukamata. Galien, munganga mwenye alikuja nyuma sana, alieleza kama mishipa yenye kuvimba inazunguka kile kivimbe sawa miguu ya kaa. Baroma balitafsiri kwa « cancer »: kaa vile vile. Baarabu balisema « saratan »: kaa vile vile, na bandugu zetu ba Tanzania na Kenya balikamata pale neno lao « saratani ». Kwa hiyo ukisikia radio ya Dar es Salaam inasema saratani, ujue ni ile kansere yetu, na ni kaa mumoja mwenye kutembea mu lugha mingi. Jina lilitoka kwa sura ya kivimbe. Halikutoka kwa hukumu ya juji.

Kuko lingine lenye ninapenda zaidi. Munganga wa kansere anaitwa « oncologue », na mule kuko neno la Kigriki « onkos »: kitu kizito, muzigo. Hilo batumishi tunaelewa. Muzigo unapimwa, unagawanywa, na kuko mwenye anapaswa kulipa bei ya kuubeba.

Jina linafungua mulango wa haki

Sasa, juu ya nini mutu wa sendika anaandika mambo ya Kilatini mu gazeti? Sababu historia ya bachimbaji inaonyesha kama ugonjwa wenye hauna jina la kweli hauna mulipaji.

Kule Ujerumani, mu milima ya Saxe, kuko pahali panaitwa Schneeberg. Batu balichimba kule argent, kisha kobalti, bismuti na uraniumu. Tangu miaka ya 1500 bachimbaji balikufa na kifua wakiwa bado na nguvu. Mu kitabu chake cha mwaka 1556, Agricola aliandika kama ku migodi ya milima ya Karpati kulikuwa babibi wenye baliolewa na mabwana saba, na bote saba balikwenda na ule ugonjwa. Kule Schneeberg baliuita « ugonjwa wa mulima ». Mulima ukiua mutu, utamushitaki nani? Bengine balisingizia roho ndogo za chini ya udongo, zenye baliita « kobold ». Na sisi ba Kolwezi tujue: jina la kobalti linatoka pale pale, kwa ile roho, sababu lile jiwe lilidanganya bachimbaji na moshi wake mu moto uliwatesa.

Mu mwaka 1879 baganga wawili, Härting na Hesse, balichunguza ile mapafu ya bachimbaji ba Schneeberg na kuandika kama ndani kuko tumeur, tena ya maligne. Lile neno lenye linatutisha, kule lilifungua mulango. Ulizo likabadilika. Haikuwa tena « mulima unataka nini? ». Ikawa « ni nini mu hewa ya mugodi yenye inaotesha kivimbe hiki? » Nyuma yake benye elimu balifika kwa radoni, ile hewa bila harufu yenye kutoka kwa uraniumu ya mu mawe. Na mu mwaka 1925 Ujerumani iliweka ugonjwa wa Schneeberg mu liste ya magonjwa ya kazi yenye kulipiwa. Kutoka kitabu cha Agricola mpaka pale, karibu miaka 370. Bajane ngapi balizikwa bila kupata kitu?

Kule Uingereza hivyo hivyo. Vijana wenye kupanda ndani ya mabomba ya moshi ya manyumba kuyasafisha balipata kidonda pahali pa siri pa mwanaume. Baganga balidhani ni ugonjwa wa uasherati, na baliwatibu vile. Mu mwaka 1775 munganga Percivall Pott aliandika kama kile kidonda ni kansere, na kinatoka kwa masizi ya ile kazi. Siku ile haya iliondoka kwa mutumishi.

Jiwe letu na vumbi lake

Katanga iko ndani ya hii hadisi kupita vile tunafikiri. Uraniumu ya Shinkolobwe, kule karibu na Likasi, mbele ya kwenda mu bombe ya 1945, ilikuwa inapelekwa Ubelgiji, ku Olen, kwa kutosha radiumu, tangu 1922. Ile radiumu balitumika mu malupitalo ya Ulaya kuchoma vivimbe vya kansere. Mu 1951 Kanada ilianza kutibu bagonjwa na mashini ya kobalti 60, yenye inatengenezwa kwa kuweka kobalti ya kawaida ndani ya reaktere. Batu baliita ile mashini « bombe au cobalt », na ilisaidia bagonjwa mu inchi mingi. Aina ya mawe yenye tunatosha na mikono yetu ilitibu tumeur za batu ba mbali. Na mutu wa hapa, akiambiwa « tumeur », mara mingi anarudi kunyumba na vidonge vya maumivu.

Mawe yanakuja na vumbi. CIRC, ile taasisi ya dunia ya kuchunguza kansere kule Lyon, iliweka radoni kati ya vitu vyenye kuleta kansere kwa hakika mu 1988, vumbi la silisi la mawe mu 1997, na moshi ya mazuti mu 2012. Mu 2022 iliweka kobalti ya chuma, na chumvi zake zenye kuyeyuka, mu kundi lenye linafuata: lile la vitu vyenye inaonekana vinaleta kansere kwa mutu. Tupime haya maneno vizuri. Hayaseme kama kila mwenye kupumua vumbi atagonjwa. Yanasema hatari inapanda kufuatana na wingi na miaka. Na ule kaa anatembea polepole: kati ya vumbi na kivimbe kunaweza kupita miaka 10, 20, hata zaidi ya 30. Mutu anagonjwa wakati kontra ilishaisha, badge ilirudishwa, na kampani ilishabadilisha jina.

Lakini tuseme ukweli hata kwa upande wetu. Si kila kivimbe cha camp kinatoka mu mine. Tumbaku njo kisababu kikubwa cha kansere ya mapafu, na mwenye kuvuta sigara na kupumua radoni pamoja anajizidishia hatari. Kansere ya mulango wa kizazi ya bamama inatoka kwa virusi, na iko na chanjo na kipimo chake. Delege mwenye kupiga kelele « ni mine! » kwa kila fibrome anampa patron nafasi ya kutucheka siku tunaleta kesi ya kweli. Njo maana tunahitaji jina kamili: linatenga ugonjwa wa kazi na ule wenye hauko wa kazi.

Tunaomba nini

Kuko bakubwa ba kazi, na hata baganga, wenye kusema: « Musimueleze mugonjwa, ataogopa. » Mugonjwa anaogopa tayari. Kumuficha maana hakuondoe woga, kunakula tu wakati wake. Kivimbe chenye kuonekana mapema kiko na nafasi mingi ya kutibiwa. Chenye kuletwa nyuma ya miezi sita ya mizizi na maombi, mara mingi kilishasafiri. Kuomba Mungu si kosa, tuombe. Lakini tuombe na jibu la laboratware mu mukono.

Mu kampani moja niliona karatasi ya « visite médicale » yenye neno moja tu: « tumeur ». Bila pahali, bila aina, bila kipimo. Juma chache nyuma, barua ya « inapte ». Mutu alipoteza kazi juu ya neno la Kilatini lenye maana yake ni kuvimba. Kwa hiyo tunaomba haya:

Kwanza, munganga wa kampani aandike mambo ine: kivimbe kiko wapi, ukubwa wake, kama ni bénigne ao maligne ao haijajulikana, na ni kipimo gani kilifanywa. Na aeleze mu Kiswahili, ao mu lugha yenye mugonjwa anasikia. « Tumeur » peke yake haiko jina la ugonjwa. Ni sawa kuandika « jiwe » ku karatasi ya kamio la madini.

Pili, kopi ya ile karatasi ibaki mu mukono wa mutumishi. Mwili ni wake.

Tatu, kipimo kisiishe siku mutu anaacha kazi. Mapatano namba 139 ya Shirika la Kazi la Dunia, OIT, ya mwaka 1974 juu ya kansere ya kazi, yanasema baganga bapime mutumishi wakati wa kazi na nyuma yake pia. Na sheria yetu namba 16/009 ya 15 Julai 2016, ya sécurité sociale, inahesabu ugonjwa wa kazi mu mambo yenye CNSS inapaswa kulipia. Lakini bila mutu kutangaza ule ugonjwa, ku CNSS hakuna faili.

Ine, tusisahau batu ba sous-traitance. Mapafu yao yanakamata vumbi lile lile, hata kama kontra ni ya miezi mitatu. Na bacreuseur habana munganga wa kampani. Makooperative yenye kukata makuta kwa kila mufuko yatenge kitu kwa radio ya kifua.

Tano, lenye linapita yote: kivimbe kisiote. Maji kwa foreze mbele ya kutoboa, hewa chini ya mugodi, maski yenye inazuia vumbi kweli na inabadilishwa kwa wakati. Haya yajadiliwe kila mwezi mu komite ya usalama na usafi, na delege aandike majibu ya patron mu kaye yake.

Na kwenu bamama, ninyi njo munabaki na makaratasi. Mukamate daftari moja. Muandike mule: bwana alitumika wapi, mwaka gani mpaka mwaka gani, kazi gani, ku vumbi gani, kama alivuta sigara. Mutie ndani fishi za malipo na radio za kifua. Siku moja lile daftari litasema pale bwana hatakuwa tena na sauti ya kusema.

Na siku munganga anatamka « tumeur », musitoke mu chumba chake mbele ya kuuliza maulizo ine: Kiko wapi? Ni bénigne ao maligne? Nani alikiangalia mu mikroskopi? Sasa tunafanya nini, na siku gani? Akisema hana wakati, mumuambie kwa heshima kama mutarudi kesho, pamoja na delege.